Mvinyo wa Bonde la Loire: Uanze na Chupa Ipi?

Ukisimama mbele ya rafu ya mvinyo wa Loire, kinachokuchanganya ni kwamba lebo nyingi zinataja mahali, hazitaji aina ya zabibu. Na mahali penyewe ni pengi: Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, karibu kilomita 1,000. Nimezipanga chupa hizi kwa kuangalia ubora unaoupata kwa bei unayolipa, na kwa kipimo hicho jina kubwa halishiki nafasi ya kwanza.

1. Vouvray. Ndiyo ningekushauri ununue kabla ya nyingine zote. Inatoka mashariki kidogo ya mji wa Tours, na zabibu yake ni Chenin Blanc, ile ile inayolimwa sana Afrika Kusini na hata kwetu Dodoma. Mizabibu imekaa juu ya mwamba laini wa chokaa uitwao tuffeau. Mwamba huo ulichimbwa kujengea majumba ya kifahari ya bondeni, na mapango yaliyobaki yakawa maghala ya mvinyo, yenye ubaridi usiobadilika sana mwaka mzima. Ukionja, unaanza ukali wa tofaa bichi, kisha ladha ya asali inafuata taratibu. Ukali huo ndio unaoutunza mvinyo: Vouvray tamu ya mwaka mzuri hukaa miongo kadhaa bila kuharibika.

Soma lebo vizuri lakini. *Sec* ni isiyo na utamu, *demi-sec* ina utamu kiasi, *moelleux* ni tamu hasa. Kuna chupa zisizoandikwa neno lolote kati ya hayo, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujalipa. Kwa samaki wa nazi mwenye pilipili, chukua demi-sec. Utamu wake unaituliza pilipili vizuri sana.

2. Chinon. Huu ni mwekundu wa zabibu ya Cabernet Franc, kutoka kandokando ya mto Vienne unaomwaga maji yake Loire. Uliotoka kwenye mchanga na kokoto karibu na mto ni mwepesi, unywe ungali mpya. Wa miteremko ya chokaa ni mzito na unaweza kusubiri. Uweke kwenye friji nusu saa, kisha uunywe na nyama choma. Ukikosa Chinon, Bourgueil, mwekundu wa jirani wa zabibu hiyo hiyo, inafaa.

3. Muscadet. Baridi kali ya mwaka 1709 iliangamiza mizabibu karibu na mji wa Nantes, na wakulima wakaigeukia zaidi Melon de Bourgogne, zabibu ya mvinyo huu mweupe, kwa sababu inastahimili baridi. Tafuta maneno *sur lie*: maana yake mvinyo umelala juu ya mashapo ya hamira hadi unapotiwa chupani, ukapata uzito kidogo. Kwa chaza na pweza, na kwa bei yake, sioni wa kushindana nao.

4. Crémant de Loire. Kwa sherehe. Povu lake hutengenezwa ndani ya chupa yenyewe kama Champagne, ila bei ni nafuu zaidi.

5. Sancerre. Ile nyeupe ni ya zabibu ya Sauvignon Blanc, nzuri kweli, lakini unalipia pia umaarufu wa jina. Nunua Menetou-Salon ya jirani: zabibu ni hiyo hiyo, udongo wa chokaa unafanana, na kwa kawaida bei iko chini.