ELAN na CVAT: je, lebo inakaa kwenye fremu yake?

Haya jamani, karibuni. Leo nina programu mbili za kuweka lebo kwenye video, ELAN na CVAT, na swali moja tu. Ukiweka lebo kwenye fremu fulani, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ukahifadhi kazi, ukaifungua kesho, je, lebo itakuwa kwenye fremu ileile? Mambo ya rangi za menyu na namna ya kusakinisha leo siyagusi.

Kama unachotia lebo ni mtu anayetembea kwa sekunde kumi, fremu moja ikiteleza hakuna atakayejua, wewe nenda zako salama. Nazungumza na wanaofuatilia vitu vifupi: kope zinavyofumba, mkono wa mtu anayeongea kwa lugha ya ishara, unyayo unapogusa ardhi. Kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde, kupepesa jicho kunaweza kuisha ndani ya fremu nne au tano. Ukiteleza moja tu, robo au moja ya tano ya ulichokuwa unapima imekwenda.

Tuanze na ELAN. Inatoka Taasisi ya Max Planck ya Isimu-saikolojia kule Nijmegen, Uholanzi, na ni ya bure. Kwa kupanga matabaka ya lebo, tabaka la mkono wa kulia, la kushoto, la mdomo, la tafsiri, yote chini ya video moja na wimbi la sauti likionekana, mimi sijaona inayoipita. Lakini kuna jambo inabidi ulielewe kabla hujaanza kazi: ELAN haihifadhi namba ya fremu. Fungua faili lake la eaf kwa kihariri chochote cha maandishi, utakuta XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama, na ndani yake kila mpaka wa lebo umeandikwa kwa milisekunde nzima, bila desimali.

Sasa fuata hesabu, maana kiini cha uchambuzi huu kiko hapa. Video ikiwa na fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40 kamili. 0, 40, 80, 120, hakuna kinachobaki, unalala usingizi. Ikiwa na fremu 30, kila moja ni 33 na theluthi. Tukihesabu kuanzia sifuri, fremu namba 1 inaanza 33.33. Programu inaandika 33. Na milisekunde ya 33, ukitazama kwa ukali, bado ni ya fremu namba 0! Umeweka lebo mahali sahihi kabisa, lakini atakayegawanya namba hizo kwa urefu wa fremu na kukata desimali atapata fremu ya nyuma. Mbaya zaidi, programu yoyote ikichukulia kwamba fremu moja ni 33 kamili, ukibonyeza mbele mara 100 utakuwa kwenye 3300, na hapo ndipo inapoanzia fremu ya 99. Kila hatua mia zinakudai fremu moja.

Halafu kuna 29.97, ambayo kamera nyingi huiita 30 kwa mkato. Kwa saa nzima tofauti yake na 30 ni fremu 108, karibu sekunde 3.6. Hiyo hata jicho la kawaida litaiona.

Kitu kingine kwenye ELAN ni kuvuta mpaka wa lebo kwa kipanya huku umeshikilia Alt. Kinavutia kwa sababu ni cha haraka, ila mpaka unatua pale pikseli ilipotua, na hapo panaweza kuwa katikati ya fremu. Mimi nashauri njia ndefu: tembea kwa vitufe vya fremu moja moja, chagua kipande, kisha urekebishe muda wa lebo kwa Ctrl na Enter.

Na mwisho wa lebo je? Tuseme tukio liko fremu ya 10 hadi ya 14, video ni ya 25. Ukisimama kwenye fremu ya 14, kichezeshi kinaonyesha 560. Ukifunga lebo hapo, umepata kuanzia 400 hadi 560, yaani milisekunde 160, fremu nne. Ya tano umeiacha nje. Mwisho halali ni 600, pale ya 15 inapoanza. Kama mko wawili kwenye mradi na kila mmoja anafunga kwa namna yake, mtabishana kuhusu data wakati mnachotofautiana ni kanuni.

CVAT sasa. Hii ilianzia Intel, na yenyewe inaikata video kuwa picha zenye namba kuanzia sifuri. Namba ya fremu ndiyo inayohifadhiwa, kwa hiyo ule ugomvi wa milisekunde haupo. F inakupeleka mbele fremu moja, D inakurudisha. Kitu kikitoka kwenye picha, unakwenda fremu ya kwanza ambayo hakipo na kuonyesha kwamba kiko nje. Safi sana. Lakini imejengwa kwa ajili ya maboksi na maumbo juu ya picha. Ukiwa unahitaji matabaka ya maneno na wimbi la sauti, utaikumbuka ELAN mapema.

Hukumu yangu: kufuatilia vitu, CVAT. Kuweka lebo za wakati, ELAN, kwa sharti kwamba umeandaa video kwanza.

Kuandaa maana yake nini? Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopandashuka, gizani fremu zinapungua, kwenye mwanga zinaongezeka. Hapo hata wazo la fremu ya ngapi linayumba. Pitisha video kwenye ffmpeg, programu ya kubadilisha video kwa kuandika amri, kwa chaguo la fps_mode cfr, kasi iwe moja toka mwanzo hadi mwisho. Usiigeuze ya 30 kuwa 25 ili tu hesabu ipendeze, utatupa fremu. Kurudi nyuma kukiwa kuzito, ongeza chaguo la g 1, kila fremu ijitegemee. Faili litanenepa, vumilia. Na ukishaanza kuweka lebo, video hiyo usiibadilishe tena.

Kupima mwenyewe, tumia kichujio cha ffmpeg kiitwacho drawtext kuchapa namba ya fremu juu ya kila picha, kisha weka lebo kadhaa mwanzoni, katikati na mwishoni mwa video ndefu. Funga, fungua, soma namba. Rudia kila unaposasisha programu.

Wenye miradi ya zamani ya fremu 30, msifute kitu. Zidisha kila mpaka kwa 30, gawanya kwa 1000, kisha kadiria kwenye namba nzima iliyo karibu badala ya kukata desimali. 33 inakuwa 0.99, inakuwa 1, imerudi kwake. Ila matabaka mliyoyaweka kwa kufuata sauti msiyaguse kabisa, maana mpaka wa neno haulazimiki kuanza pamoja na fremu.