Nyumba anakolelewa mama, Kent, Washington: nyota nne

Jina la nyumba silitaji. Wakazi ni watano tu, ukishaijua nyumba umeshawajua na wenyewe. Lakini Waswahili wa huku kusini mwa Seattle tunaulizana kila siku habari za hizi nyumba ndogo za kulea wazee, kwa hiyo naeleza tuliyoyaona kwa miezi 14.

Kwa asiyezijua: ni nyumba ya kawaida ya mtaani, yenye leseni ya Jimbo la Washington. Kwa kawaida mwisho wakazi sita. Chache zina ruhusa ya kufika wanane. Nyingi zinaendeshwa na wahamiaji. Hii ni ya mama mmoja wa Kisii, aliyeanza kazi hii kama mhudumu.

Mama yangu ana miaka 81, ana kisukari, na ugonjwa wa kusahau umemnyang'anya Kiingereza chote ukamwachia Kiswahili cha Tanga. Kabla ya hapa alikaa miezi mitatu kwenye jengo kubwa la wazee. Kila wiki niliambiwa anakataa kuoga, anapiga wahudumu. Siku moja nikaenda saa ya kuoga. Nikamkuta amevuliwa nguo zote, amekalishwa chini ya bomba la mvua, analia: "Nisitirini jamani, nisitirini." Hakuna hata mmoja aliyejua anasema nini.

Hapa, siku ya pili tu, mhudumu aliniomba kanga mbili kuukuu. Akaingia chumbani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akamfunika kanga mabegani, akamvua gauni kwa ndani, akamwogesha kwa ndoo na kopo kanga ikiwa mwilini: ananyanyua pembe moja, anasugua, anairudisha. Mkono, mgongo, mguu. Mwisho akamfunga ile kavu juu ya mbichi, ndipo akaivuta mbichi kwa chini. Muda wote mama alikuwa anamsimulia bei ya samaki changu sokoni. Nilisimama koridoni nikalia.

Saa ngumu ni jioni. Desemba jua la huku linazama saa kumi na dakika ishirini, na mama hakubali kabisa kwamba hiyo ni magharibi. Anafunga kifurushi chake, anataka kurudi Ngamiani, mtaani kwake Tanga, watoto wasije wakakuta mlango umefungwa. Hawabishani naye. Wanampa sinia la mchele achambue. Mchele wa huku hauna hata chuya, kwa hiyo mhudumu huuchanganya na dengu chache, mama apate cha kutoa. Akimaliza, safari imeshasahaulika.

Mwenye nyumba ni Msabato, lakini nyakati za swala amezibandika kwenye friji, na nguruwe haingii jikoni mwake. Asubuhi mama anapata mbaazi za nazi, kidogo, kwa sababu ya sukari. Insulini anachomwa na mhudumu aliyefundishwa na kukabidhiwa kazi hiyo kwa maandishi na muuguzi aliyesajiliwa. Wiki nne za mwanzo muuguzi alikuja kila wiki kuhakikisha.

Pesa. Tunalipa dola 7,200 kwa mwezi, watoto watatu tunachanga. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipii ulezi wa muda mrefu wa namna hii. Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo, inaweza, lakini grini kadi ya mama (kibali cha ukaazi wa kudumu) ina miaka mitatu, na wengi wenye grini kadi husubiri mitano. Ulizeni mapema kama nyumba itaendelea kumpokea mzazi kwa Medicaid pesa zenu zikikauka, maana si zote zinakubali. Someni pia ripoti za ukaguzi, ziko wazi kwenye tovuti ya idara ya jimbo. Ya nyumba hii ilikuwa na kosa moja, daftari la dawa halikutiwa saini siku mbili. Nilimuuliza mwenye nyumba, hakuzungukazunguka, akanionyesha walivyorekebisha.

Nyota ya tano nimeizuia kwa jambo moja. Yule mhudumu alipokwenda likizo ya wiki mbili, aliyeshika nafasi yake hakujua Kiswahili hata neno. Mama akaacha kula. Alipungua kilo mbili, na mimi niliambiwa siku ya sita. Ya sita! Ningeambiwa siku ya kwanza ningekuja kumlisha mwenyewe, naishi dakika 20 kutoka hapo. Pia usiku mhudumu ni mmoja naye hulala. Anaamka kengele ya mlango ikilia. Mzazi wenu akiwa mtu wa kuamka amka, ulizeni hilo kabla ya yote.

Nimewaomba watafute mtu wa pili anayejua Kiswahili. Mwenye nyumba amesema wiki ijayo anamhoji binti mmoja wa Bujumbura. Nikimwona kazini, na mama akimwitikia, nitarudi hapa kubadilisha nyota.