Seti za diski na pedi za breki za mtandaoni: chuma kinafaa, pedi zinatia shaka

Seti inayopimwa hapa ni ile iliyojaa kwenye maduka ya spea ya mtandaoni: diski nne (wengine huziita rota), pedi nane, klipu mpya za kushikilia pedi na kipakiti cha grisi, vyote kwa oda moja na kwa bei iliyo chini kabisa ya spea zenye nembo ya kiwanda cha gari. Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: diski za seti hizo, zikiwa za kawaida zisizotobolewa, mara nyingi zinastahili bei yake. Pedi zinazofungwa nazo ndizo dhaifu. Kama lazima ubane matumizi, bana kwenye diski, pedi zinunue kando.

Sababu haijifichi. Diski ni chuma kilichomiminwa kwenye kalibu kisha kikachongwa, kazi ambayo viwanda vingi vimeimudu kwa miaka mingi. Pedi ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa metali, grafiti na gundi ya resini, na hakuna anayekuandikia uwiano wake kwenye boksi. Seti ikitakiwa iwe rahisi, kinachopunguzwa ni kile ambacho macho hayakioni.

Lakini kabla ya ubora kuna kipimo. Kuchagua aina ya gari, mwaka na injini kwenye kurasa za duka hakutoshi. Volkswagen Golf ya kizazi cha 5, kwa mfano, ilitoka kiwandani na diski za mbele za milimita 280, 288, 312 au 345, kutegemea injini na kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski). Kwenye magari ya kundi la Volkswagen kuna stika ndani ya buti, karibu na tairi la akiba, yenye misimbo ya vifaa: inayoanza na 1Z au 1L ni ya breki za mbele, 1K ni ya nyuma. Kwa magari mengine, tumia namba ya chesisi kupata namba ya spea ya asili, kisha utafute kwa namba hiyo, si kwa jina la gari. Na bado, fungua tairi upime: kipenyo, unene, tundu la katikati, idadi ya matundu ya boliti, na kimo cha diski kutoka uso unaokaa kwenye habu (kitovu ambako tairi hufungwa) hadi uso unaosuguliwa. Kimo ndicho watu husahau. Diski yenye kipenyo sahihi lakini kimo kilichopishana kwa milimita chache itagusa mabano ya kalipa, au itakaa nje ya mstari wa pedi.

Pedi nazo zina mtego wake. Gari moja linaweza kuwa na diski zilezile lakini kalipa za watengenezaji wawili tofauti, na pedi za huyu haziingii kwa yule. Kutambulisha umbo la pedi, Ulaya hutumia namba ya WVA yenye tarakimu 5, Marekani namba ya FMSI inayoanza na D. Linganisha namba hiyo, kisha linganisha umbo la pedi kwenye picha na la pedi ya zamani iliyo mkononi, pamoja na mahali pa waya wa sensa na kile kibati kinacholia pedi zikiisha.

Mzigo ukifika, usifungue breki kwanza. Weka diski mpya juu ya meza ulinganishe. Ukingoni au kwenye kofia yake (sehemu ya katikati iliyoinuka) panapaswa kuwa na maandishi yaliyochongwa: mtengenezaji, namba ya toleo, na MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Diski isiyo na MIN TH irudi ilikotoka. Palipokwanguliwa kwenye ukingo si kasoro. Hapo ndipo iliposawazishwa uzito, na ni dalili nzuri. Kwa diski zenye mapezi ya kupitishia hewa katikati, tumia mizani. Diski mpya ikiwa nyepesi kuliko ile ya zamani iliyokwisha lika, chuma kimeibwa mahali fulani, kwa kawaida kwenye mapezi hayo. Mapezi yakiwa yamepinda, ya kushoto na ya kulia hayafanani, na boksi zake zinapaswa kuwa na namba tofauti.

Diski zilizopakwa rangi ya kijivu ya kuzuia kutu ni bora kuliko zilizopakwa mafuta, hasa kwenye kofia na mapezi. Za mafuta lazima zioshwe kwa dawa ya kusafishia breki, au maji ya moto na sabuni kisha zikaushwe papo hapo. Mafuta yakibaki, pedi zitayanywa na hazitapona.

Sasa matundu na mifereji. Ndizo diski zinazopendeza kwenye picha, na ndizo zinazosukumwa sana na wauzaji. Matundu yalibuniwa kutoa gesi iliyokuwa ikitoka kwenye pedi za zamani zikipata moto. Pedi za leo hazitoi gesi kiasi hicho. Kinachobaki ni chuma kilichopungua, na chuma ndicho kinachobeba joto. Mbaya zaidi, tundu lililotobolewa kwa keekee baada ya diski kumiminwa ni mahali pazuri pa ufa kuanzia. Mifereji ina afadhali, ila inakwangua pedi na huleta mvumo unaposimama kutoka mwendo wa kasi. Kwa gari la barabara za kawaida, achana nazo.

Kwenye pedi, soma ukingo. Pedi za soko la Marekani zina herufi mbili, kwa mfano FF. Ya kwanza ni kipimo cha msuguano wa pedi ikiwa haijapata moto sana, ya pili ikiwa ya moto; namba kubwa, mshiko mkubwa. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi hizo zimetokana na kipande kidogo kilichopimwa maabara. Hazisemi lolote kuhusu kelele wala maisha ya pedi. Hata hivyo EE kwenye gari zito ni ya kukataa. Kwa soko la Ulaya tafuta E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R. Hiyo ni Kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa, inayodai pedi mbadala isipishane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika ufungaji wa breki. Namba iliyo kando ya E ni ya nchi iliyoidhinisha: 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Pedi isiyo na herufi hizo wala alama hiyo, hata boksi ling'ae vipi, usiiweke kwenye gari.

Neno "seramiki", yaani pedi zenye nyuzi za kauri, lisikulaze. Seramiki nzuri huwa kimya na vumbi lake halichafui rimu. Anayebeba mizigo au kushuka milima mirefu atafaidika zaidi na pedi zenye metali nyingi, akubali vumbi na kelele kidogo. Majina kama Akebono, ATE, Textar, TRW na Brembo huuzia viwanda vya magari vyenyewe, kwa hiyo ndiyo pa kuanzia. Na kwa sababu hiyohiyo huigizwa, basi nunua kwa muuzaji anayetambuliwa na mtengenezaji. Kagua pia bamba la chuma lililo nyuma ya pedi: liwe bapa, na masikio yake yasiwe na rangi nene. Pedi inayobana kwenye klipu hairudi nyuma, huendelea kugusa diski, na upande mmoja huisha mapema.

Lawama inayoandikwa zaidi chini ya seti hizi ni "diski zimepinda". Usukani unatikisika ukikanyaga breki baada ya kilomita elfu chache, na diski ndiyo inayotukanwa. Ni nadra diski kuwa imepinda kweli. Ingekuwa imepinda tangu boksini, ungeisikia siku ya kwanza. Kinachotokea ni kwamba kutu iliyoachwa kwenye habu huiweka diski mshazari kidogo. Kila mzunguko, sehemu ileile hugusa pedi hata kama breki haijakanyagwa, na taratibu unene wa diski unaacha kuwa sawa. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha mguu kuisikia. Kwa hiyo sugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kuzunguka kila stadi (boliti iliyosimama kwenye habu). Kisha bana diski kwa nati zote, kila moja na pete yake bapa ya chuma (washa), weka kipimo cha mshale kinachoonyesha kuyumba kwa uso wake, milimita 10 hivi kutoka ukingoni, uizungushe. Magari mengi hayataki iyumbe zaidi ya milimita 0.05. Ikizidi, itoe, isogeze tundu moja la boliti, pima tena. Tairi likirudi, kaza nati kwa mpangilio wa nyota na kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bunduki ya upepo huharibu kazi yote hiyo kwa sekunde tano.

Mengine ni ya kawaida ila yana adhabu. Kalipa ining'inizwe kwa waya, isining'inie kwenye paipu yake. Toa kutu chini ya klipu. Pini ambazo kalipa hutelezea zipakwe grisi ya silikoni, kwani grisi ya mafuta ya petroli huvimbisha mpira. Unaporudisha pistoni, angalia chombo cha mafuta ya breki kisifurike, maana mafuta hayo hula rangi ya gari. Pistoni nyingi za nyuma zenye kebo ya breki ya mkono hurudi kwa kuzungushwa, si kwa kusukumwa, na breki ya mkono ya umeme lazima iwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo. Kanyaga pedali mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja.

Kuzoesha pedi na diski: kama mtengenezaji hakutoa maelekezo yake, punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi karibu kusimama, bila kukanyaga kwa hasira, mara 30, ukiacha sekunde 30 kati ya kila mara. Breki zikiwa za moto usisimame na mguu kwenye pedali, pedi itaacha alama yake kwenye diski.

Kuhusu usafirishaji hakuna mengi. Diski za gari dogo zinaweza kufika kilo tano au zaidi kila moja, na mbili zikiwekwa boksi moja bila kitenganishi zitagongana njiani. Mchubuko kwenye ukingo wa nje unavumilika. Kwenye uso unaosuguliwa, rudisha. Wauzaji wengi hawapokei kitu kilichokwisha fungwa kwenye gari, na uzito huo hufanya nauli ya kurudisha iume. Kabla ya kufunga, piga picha namba za toleo ukingoni mwa pedi, maana ndizo utakazoulizwa kwanza ukidai dhamana, na kufikia hapo joto na vumbi vitakuwa vimezifuta.