Tamko la Pamoja la 1999 kuhusu Kuhesabiwa Haki: je, linajibu swali la "Mkatoliki ameokoka?"

Kinachopimwa hapa ni Tamko la Pamoja kuhusu Fundisho la Kuhesabiwa Haki, yaani jinsi Mungu anavyompokea mwenye dhambi kuwa mwenye haki, lililosainiwa Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999 kati ya Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Lina vifungu 44 vyenye namba, likifuatwa na taarifa fupi ya kulithibitisha na kiambatisho. Bei yake ni bure: kwa Kiingereza liko kwenye tovuti ya Vatikano.

Watu wengi hulitafuta wakiwa na shida moja. Kuna ndoa ya mseto nyumbani, au msiba ambapo nusu ya wafiwa wanasali rozari na nusu wanasubiri mchungaji, na mtu ameuliza kwa sauti ya chini: hawa Wakatoliki wanaokoka kweli? Kwa swali hilo, tamko hili ni kama panga mikononi mwa fundi seremala. Linakata vizuri sana, ila halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukijua linakata wapi litakufaa. Usipojua, utalinukuu vibaya mbele ya watu na mtu mmoja aliyelisoma atakuumbua.

Kazi yake halisi ni hii. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliowajibu Waprotestanti, katika kikao cha sita cha Januari 1547, ulitoa kanuni 33 kuhusu kuhesabiwa haki, kila moja ikimlaani anayefundisha kinyume. Kanuni ya 9 ndiyo Waprotestanti wanaoikariri kwa kichwa, kwa kuwa inamgusa anayesema mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani peke yake bila kushirikiana na neema kwa namna yoyote. Vitabu vya imani vya Walutheri navyo vililaani upande wa pili kwa lugha kali ileile. Tamko linachukua laana za pande zote mbili na kuuliza: je, zinampiga mwenzetu anavyofundisha leo? Namba 41 inajibu kwamba hazimpigi, kwa masharti. Mafundisho ya Walutheri *yaliyoelezwa katika tamko hili* hayaingii chini ya laana za Trento, na mafundisho ya Wakatoliki *yaliyoelezwa katika tamko hili* hayaingii chini ya laana za Walutheri. Maneno hayo ya mkiani ndiyo yanayoanguka kila mtu anaponukuu. Hakuna aliyefuta kanuni ya 9. Kilichosemwa ni kwamba haimhusu Mlutheri anayefundisha kama ilivyoandikwa hapa.

Uzuri wa tamko uko katika mpangilio wa sehemu ya nne, namba 19 hadi 39. Mada ni saba, kila moja ina namba tatu: ya kwanza tunakiri pamoja, kisha upande mmoja unaeleza msisitizo wake, kisha upande wa pili. Mfano ni mada ya kwanza. Namba 19 wote wanakiri kwamba mtu hawezi kumgeukia Mungu kwa nguvu zake. Namba 20 Wakatoliki wanasema mtu "hushirikiana" kwa kukubali, lakini wanaongeza papo hapo kwamba kukubali huko kwenyewe ni tunda la neema. Namba 21 Walutheri wanakataa neno kushirikiana, kisha wanakiri kwamba mtu anaweza kuikataa neema na kwamba anapoamini yumo mzima-mzima. Soma hizo tatu kwa mfululizo na utaona ugomvi umepungua ukubwa. Soma ya kwako peke yake, kama wengi wanavyofanya, na utatoka ulivyoingia.

Moyo wa tamko ni namba 15: tunapokelewa na Mungu kwa neema peke yake, kwa kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa mastahili yetu yoyote, na Roho Mtakatifu anafanya upya mioyo na kututuma kutenda mema. Mprotestanti makini ataona kitu hapo. Imeandikwa neema peke yake. Imani *peke yake* haimo. Katika tamko lenyewe maneno hayo yako namba 26, ambayo ni sauti ya Walutheri tu. Pande zote mbili zinayasema kwa pamoja kwenye kiambatisho, sehemu ya 2C. Kwa hiyo anayekupa tamko bila kiambatisho amekupa redio bila betri.

Sasa tulilete kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo linapoonyesha faida ambayo walioliandika hawakuifikiria.

Neno letu "kuhesabiwa haki" tumelipata katika Biblia ya Union Version, na neno hilo tayari limeegemea upande mmoja. Kuhesabiwa ni jambo la daftari: deni lilikuwepo, mwenye daftari ameandika kwamba limelipwa. Warumi 4:3 inasema Ibrahimu alimwamini Mungu, ikahesabiwa kwake kuwa haki. Mlutheri anafurahi. Lakini Biblia hiyohiyo, Warumi 5:19, inasema kwa kutii kwake mmoja watu wengi "wameingizwa katika hali ya wenye haki". Hapo si daftari tena. Mtu mwenyewe amehamishwa, na Mkatoliki anayezungumzia neema ya utakaso anatikisa kichwa kukubali. Namba 22 ya tamko inashika yote mawili, msamaha na uzima mpya, na kukataa kuyatenganisha. Katika kikundi cha mchanganyiko, anzeni na aya hizo mbili kabla ya kufungua tamko. Zinaokoa muda wa kama nusu saa ya mabishano.

La pili ni "umeokoka?" Swali hili lilienea kwetu na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ndani ya Kanisa la Anglikana. Yaani walioulizwa kwanza walikuwa Waprotestanti wenyewe, waliobatizwa na kuwekewa mikono, si Wakatoliki. Anayelitumia leo kama mpaka kati ya makanisa mawili amelihamisha kutoka lilikozaliwa. Tena angalia kitenzi. "Kuokolewa" kunakudai utaje aliyeokoa. "Kuokoka" hakudai, ndiyo maana mtu pia huokoka ajali ya basi. Na nyakati za kitenzi ni tatu katika Maandiko: Waefeso 2:8 "mmeokolewa", 1 Wakorintho 1:18 "tunaookolewa", Warumi 5:9 "tutaokolewa". Mlokole hukaa kwenye wakati wa kwanza. Mkatoliki akiulizwa hujibu kwa wa pili au wa tatu, na jibu lake linasikika kama kukwepa. Mara nyingi wanagombania -me- na -ta-.

Mara nyingi, si mara zote. Kuna mahali tamko lenyewe linakwaruza.

Namba 28 hadi 30 ndizo ngumu kuliko zote. Walutheri wanasema aliyehesabiwa haki ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Wakatoliki wanasema ubatizo unaondoa kila kilicho dhambi kwa maana kamili, na kinachobaki ni tamaa, mwelekeo wa kuvuta kwenye dhambi. Tatizo ni kwamba neno "dhambi" linatumika kwa maana mbili katika ukurasa mmoja. Roma yenyewe ililalamikia sehemu hii katika jibu lake la Juni 1998, na kiambatisho kiliandikwa kwa sehemu kubwa kwa ajili yake. Mwalimu asiyetenganisha maana hizo ubaoni mapema atapoteza darasa zima.

Namba 34 hadi 36, juu ya hakika ya wokovu, ndizo zinazojibu karibu zaidi swali la mtaani. Zinasema wote hutegemea ahadi ya Kristo. Mkatoliki anaongeza kwamba hakuna ruhusa ya kutilia shaka huruma ya Mungu, ila mtu akijitazama udhaifu wake anaweza kuwa na wasiwasi. Kwa hiyo Mkatoliki anayesema "natumaini" badala ya "nimeokoka" hajakiri kwamba anategemea matendo. Amesema anavyofundishwa kusema. Juu ya matendo, namba 38 na 39, Mkatoliki anabaki na neno mastahili na Mlutheri anabaki na neno matunda. Hapo tamko halijifanyi limemaliza.

Vinavyokosekana ni vile watu wanavyobishania hasa: toharani, misa za marehemu, kuomba watakatifu. Rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi unaotolewa na Kanisa Katoliki, nazo hazijadiliwi, ingawa ndizo zilizowasha moto wa Luther wa 1517, na hati ya Papa ya Novemba 1998 ilikuwa imeshatangaza rehema za Jubilei ya 2000 kabla wino wa Augsburg haujamwagika. Hilo liliwaudhi Waprotestanti wengi, na haikuwa bure. Namba 43 inakiri kwamba mamlaka ya Kanisa, huduma na sakramenti bado hazijatatuliwa.

Nani anasimama nyuma yake? Wamethodisti walijiunga 2006 huko Seoul, Waanglikana wakalipokea 2016 mjini Lusaka, na Ushirika wa Makanisa ya Kirifomu Duniani ukasaini Wittenberg mwezi Julai 2017. Maana yake KKKT, Kanisa la Kilutheri la Tanzania, limo kupitia Fungamano, na PCEA, Kanisa la Presbiteri la Kenya, limo kupitia Warifomu. Wapentekoste, Wabaptisti na Waadventista Wasabato hawamo, na kumwekea mmoja wao namba 41 mezani ni kumwonyesha mkataba ambao hakuusaini. Hata kati ya Walutheri, Sinodi ya Missouri ya Marekani, ambayo haimo katika Fungamano, ililikataa, na zaidi ya maprofesa mia wa teolojia nchini Ujerumani walipinga kabla ya kusainiwa. Hoja yao kubwa ina uzito: maneno yamelingana, lakini kila upande umebaki na kamusi yake. Tena wengi wa wanaopinga hawasemi kila Mkatoliki amepotea. Husema anaweza kuokolewa kwa kumwamini Kristo licha ya fundisho la Roma, na tamko halina pa kuliweka jibu hilo kwa kuwa linapima mafundisho na haligusi moyo wa mtu.

Matumizi tunayopendekeza kwa kikundi: wiki moja namba 14 hadi 18, kisha mada saba kwa wiki saba, kisha namba 40 hadi 44 pamoja na kiambatisho. Utangulizi uachwe wa mwisho, una historia ya mazungumzo ya awali na unachosha. Msomaji wa kila upande asome kwa sauti namba ya upande wa *pili*. Chukueni toleo la miaka ishirini lililotolewa na Fungamano 2019, kwa sababu lina nyaraka za makanisa yaliyojiunga baadaye.

Na wale wa ndoa ya mseto: msilipeleke ofisi ya parokia mkidhani linafungua mlango. Mkatoliki anayeoa au kuolewa na Mprotestanti aliyebatizwa bado anahitaji ruhusa kwa kanuni ya 1124 ya Sheria za Kanisa, na meza ya Bwana haijawa moja. Ombeni fomu ya ruhusa mapema, na mbebe cheti cha ubatizo cha Kilutheri, maana hicho ndicho watakachokiuliza.