Pampu ya maziwa ya mara mojamoja: ulizia kipira kwanza

Pampu yangu ya kwanza ya kukamulia maziwa nilinunua Kariakoo kwa shilingi 45,000. Ya mkono, boksi la pinki, juu yake picha ya mama anacheka kana kwamba kukamua ni pikiniki. Mtoto alikuwa na miezi miwili, namnyonyesha mwenyewe, pampu niliitaka ya dharura tu: siku ya saluni, kikao cha harusi, msiba. Mara ya kwanza nilijaza nusu chupa kwa titi moja, nikajiona ng'ombe wa kisasa. Wiki ya tatu ikawa robo. Wiki ya tano nabana mpaka kidole gumba kinakufa ganzi, napata matone ya kulowesha kitako cha chupa.

Ukoo mzima ukapata habari kwamba maziwa yamekauka. Mama mkwe akahamia jikoni kwangu: uji wa pilipili manga asubuhi, mtori mchana, supu ya kuku jioni, na katikati karanga za kutafuna nisije nikakaa bure. Wiki mbili hizo. Nilinenepa mimi, chupa ikabaki vilevile. Nilibakiza kidogo tu niende kununua maziwa ya kopo.

Kilichoniokoa ni msiba wa Morogoro. Niliondoka na treni ya SGR asubuhi na mapema, mtoto kabaki Tabata kwa bibi yake. Ilipogonga saa saba mchana, niko msibani, matiti yamekuwa mawe na gauni limelowa. Nikajifungia chumbani na pampu yangu. Hakuna kitu. Sasa jiulize mwenyewe, maziwa yaliyokauka yanalowesha gauni? Shangazi wa mume wangu akaingia, akalitazama lile dude, akaliweka kando, akaniletea bakuli. Kidole gumba juu, vidole viwili chini, nyuma kidogo ya ule weusi wa titi. Sukuma kuelekea kifuani, halafu bana. Maziwa yakaruka mpaka kwenye kanga yake.

Usiku ule, nimerudi, nikaifungua pampu kipande kipande mezani. Kwenye kipira kimoja, kidogo kama kifuniko cha soda, kulikuwa na mchaniko usiozidi ncha ya kucha. Uji wote ule wa pilipili manga nilikunywa kwa ajili ya mchaniko huo.

Basi leo tuongelee hicho kipira, maana wauzaji niliokutana nao hakuna aliyekitaja.

Chukua pampu ya mkono uifungue. Chini ya faneli, kile kikombe kinachobandikwa kwenye titi, pale maziwa yanapodondokea kwenye chupa, utakuta kipira laini. Vingine vimechongoka kama mdomo wa bata, vina mpasuko nchani. Vingine ni kiwambo chembamba cheupe kilichobandikwa kwenye plastiki. Ni mlango. Ukibana mpini kinajifunga, hewa ya kwenye chupa isipande, mvuto wote uende kwenye titi. Ukiachia kinafunguka, maziwa yanashuka. Kikichanika, kikilegea, au kikigandwa na ukoko wa maziwa ya juzi, mlango haufungi, unabaki kuvuta hewa ya chupa. Kwa nje pampu inaonekana nzima kabisa, mpini unabana, hata sauti ni ileile. Nguvu inapungua kidogo kidogo, na wewe unaanza kulilaumu titi lako.

Na tunakiua kwa mikono yetu. Changu nilikichemsha pamoja na chupa mpaka sufuria ikakaribia kukauka, kisa jirani aliniita nje. Kisha nikauchokonoa mpasuko kwa kijiti cha meno nikidhani nasafisha. Kioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kwa ncha ya kidole, kichemshe kwa dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo, basi. Brashi usikiguse nayo.

Kwa hiyo ukiingia dukani, kabla hujauliza bei, uliza: "Kipira chake cha spea mnacho?" Kama hawana, hiyo pampu hesabu ni ya miezi miwili, mitatu ukiwa na bahati. Kisha omba kujaribu. Nawa mikono, bandika faneli kwenye ile sehemu laini ya ndani ya mkono, bana mara mbili tatu, halafu shikilia mpini bila kuachia. Ngozi inatakiwa ivutwe na ibaki imeshikwa. Ikiachia yenyewe, irudishe kwenye boksi uage kwa heshima. Wengi watakataa usijaribu, watasema ni suala la usafi. Sawa, wana hoja. Lakini haohao wamebandika ukutani karatasi ya "Mali ikishauzwa hairudishwi". Usijaribu kabla, usirudishe baada. Ubovu utaujulia wapi?

Rangi, uzito, chupa ina dubu au haina, mtajaza wenyewe. Faneli naigusa tu: chuchu iingie na isogee bila kusuguana na kuta. Ikiuma au chuchu ikibadilika rangi, saizi siyo yako.

Namba moja kwangu ni Medela Harmony, wala sijifichi, naipenda. Ni ya Waswisi, ya mkono, na mpini wake una pande mbili: upande mfupi unabana harakaharaka kuamsha maziwa, kama mtoto anavyofanya akishika titi, kisha unageukia upande mrefu unavuta kwa utulivu. Faneli zake zinauzwa kwa saizi, 21, 24, 27 na 30, zote milimita. Lakini kilichonifunga ni kipira. Yangu ni ya toleo la zamani, ina kichwa cha njano na kiwambo cheupe juu yake, na hicho kiwambo kinauzwa peke yake. Nilipata pakiti Mwenge, nikanunua, moja nimeweka kwenye pochi pamoja na funguo. Pampu yenyewe nililipa shilingi 160,000. Baba watoto alinyamaza siku nzima. Nikamkumbusha bei ya kuku walioliwa zile wiki mbili, yakaisha.

Namba mbili ni Philips Avent ya mkono. Kwenye maduka niliyopita mimi ndiyo inayoonekana zaidi, na ina mto laini wa silikoni ndani ya faneli ambao mama mwenye chuchu zenye vidonda ataushukuru. Naiweka ya pili kwa jambo moja: kipira chake kina umbo lake, huwezi kuazima cha pampu ya mwenzako. Ukiinunua, nunua na spea siku hiyohiyo.

Ya tatu ni Haakaa ya New Zealand, na hii imenisumbua kuipanga, kwa sababu ni kipande kimoja tu cha silikoni na kipira hakina kabisa. Unabonyeza kitako, unaibandika titi moja wakati mtoto ananyonya jingine, inakinga yale ambayo yangeishia kwenye nguo. Hakuna cha kuchanika. Mbona basi siyo ya kwanza? Kwa sababu inangoja maziwa yatoke yenyewe zaidi kuliko kuyavuta. Uko Morogoro, mtoto yuko Tabata, utaibandika mpaka hitima ifike. Na ukiwa na mtoto mwenye miguu mirefu, ataipiga teke ikiwa imejaa. Nimeshafuta sakafu.

Za umeme? Spectra ya Korea Kusini ni mashine ya maana. S1 ina betri, S2 inataka soketi, na kwa umeme wetu unajua utachagua ipi. Lakini hiyo ni ya mama anayekamua kila siku kazini. Kwa mara mbili kwa mwezi ni kama kununua Fuso ya kubebea ndoo moja ya maji. Na ikifunguliwa, vipira vya mdomo wa bata vimo humo humo. Zile za kuvaa ndani ya sidiria, maneno ni hayohayo.

Za elfu ishirini mpaka arobaini na tano zisizo na jina nimeshazieleza, ziko chini. Ile yenye puto la mpira kama honi ya baiskeli msinunue hata kwa elfu tano: maziwa yanaingia kwenye puto na hakuna namna ya kulisafisha ndani.

Mmoja aliniuliza kuhusu pampu ya mkono aliyopewa na shoga yake. Pokea, chemsha vinavyochemka, kipira weka kipya.

Kuna wengine hamhitaji pampu kabisa ila hamjui haki yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ileile inayotupa siku 84 za likizo ya uzazi, inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ukifanya kazi Posta na nyumbani ni Upanga, unaenda na kurudi. Ukitoka Mbagala au Kimara, hizo saa mbili zitaishia barabarani, rudi juu usome kuhusu kipira. Ukishakamua pia usiyaache maziwa mezani. Zile saa nne mnazosikia kwamba maziwa yanakaa nje ya friji ni za chumba kisichozidi nyuzi 25, na Januari ya Dar mnaijua. Kwenye friji siku nne, umeme ukiwepo.

Sasa kuhusu wauzaji. "Bei njoo inbox" ni ya nini? Mama ana mtoto kifuani, anaandika kwa kidole kimoja, unamwambia aje inbox upime kwanza uwezo wake? Kwa boksi hilohilo nimetajiwa bei tatu ndani ya mitaa mitatu, na ya juu kabisa nilitajiwa siku niliyokwenda na mtoto mgongoni. Lakini lililonikera zaidi ni siku niliyoirudisha ile ya pinki. Nilimwonyesha kaka muuzaji mchaniko. Akaugeuza kipira kwenye mwanga, akanirudishia, akasema mbele ya wateja: "Dada, labda wewe huna maziwa."

Gauni langu lilikuwa limelowa wakati huohuo.

Wiki iliyopita nimepita tena pale. Maboksi ya pinki bado yamepangwa kwenye kabati la kioo, na bei imepanda elfu tano. Nikauliza kama sasa wana kipira cha spea. Akaniuliza, "Kipira gani?"