TAHADHARI: "Mawe ya bahari" ya kilo yanayozungushwa Mwanza

Wenye matangi ya maji chumvi, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi: msilipie mawe kwa picha. Kuna muuzaji anapita kwenye magrupu ya WhatsApp na picha ya tangi lenye taa ya bluu, mawe yamevaa zambarau, maelezo "jiwe hai, limetumika, mwenyewe amehama". (Jiwe hai ni jiwe la matumbawe lenye bakteria na viumbe wadogo wanaosafisha maji ya tangi.) Bei ni ya kilo, hela inatangulia kwa simu, mzigo unaletwa na bodaboda kwenye kiroba kilicholowa.

Huko kulowa kuna sababu zake. Jiwe la matumbawe lina matundu, linashika maji mengi, na mnunuzi anayalipia maji kwa bei ya jiwe. Dai lipimwe kavu. Tangi la lita 200 halihitaji zaidi ya kilo 25 hadi 35, na jiwe likiwa jepesi hata 20 zinatosha, kwa hiyo anayekuambia uchukue kilo 60 anamaliza kiroba tu.

Humo ndani hukosi itale (granaiti) ya hapa hapa, ndugu yake Bismarck Rock, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza, imeokotwa ufukweni na kupakwa rangi. Itale yenyewe haiui kitu. Ila haina matundu, na bakteria wa kula amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, hawana pa kukaa isipokuwa juu juu. Kwangua kwa msumari: mwani halisi wa zambarau ni chokaa, unatoka unga, rangi ya dukani inabanduka kama ngozi, na pamba yenye thina inaondoka nayo. Halafu dondoshea siki palipokwanguliwa. Jiwe la bahari litatoa vipovu, itale itanyamaza na punje zake zinazometa. Siki ikitoa povu usishangilie bado, maana saruji nayo inatoa. Loweka kipande siku tatu kwenye maji ya kawaida. pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikifika 10, umeuziwa zege. (Kwa tangi la furu, samaki wa maji baridi wa ziwa letu, itale inafaa sana, na ufukweni ni bure.)

Linaloumiza kweli ni jiwe halisi lililotoka kwenye tangi lililowahi kutibiwa kwa shaba. Samaki wakishikwa na madoadoa meupe, wapo wanaotia dawa ya shaba au mrututu (salfeti ya shaba) mtupu. Shaba inajibana ndani ya chokaa, maji yanapimwa safi, mwenyewe anaona yameisha. Miezi inapita, pH inashuka kidogo, jiwe linaanza kuiachia. Samaki hata hawashtuki. Konokono ndio wanaanza kudondoka kwenye kioo, kamba wanafuata, matumbawe yanajikunja. Kwa macho jiwe hilo halitofautiani na zima, na kulisugua au kulianika hakusaidii. Kabla ya kulipa, omba kipande kimoja, kiweke kwenye ndoo ya lita 5 ya maji chumvi safi kwa saa 48, kisha pima maji kwa kifaa cha kupimia shaba. Kipimo kikisoma chochote, rudisha. Muuzaji akikataa kutoa kipande, hapo umeshajibiwa.

Akisema mzigo umevuka mpaka, mathalani umetoka Mombasa, muulize kibali: matumbawe magumu yamo Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Na akisema ni "hai" baada ya safari ya basi kutoka Dar ndani ya kiroba, nusa. Jiwe hai linanukia bahari. La mayai viza limeshakufa, lianze upya.

Kulianza upya ni hivi. Ng'oa kilichooza kwa brashi ngumu, ukiwa na glovu na miwani. Loweka kwenye Jiki isiyo na manukato, sehemu 1 kwa 10 za maji, saa 24 hadi 48. Suuza mara kadhaa, anika juani mpaka harufu iishe kabisa, wiki mbili si nyingi. Siki au asidi isikutane na Jiki hata kwa bahati mbaya, itatoka gesi ya klorini. Maji ya betri nayo hapana, yanaacha utando wa jasi juu ya jiwe. Na usichemshe jiwe jikoni: baadhi ya vinyama laini vinavyoota juu yake vina palitoksini, sumu kali sana, na mvuke wake umeshapeleka familia nzima hospitali.

Baadaye liweke kwenye pipa lenye giza, maji ya chumvi maalumu ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa lita, uzito 1.025 ukilinganisha na maji matupu, nyuzi 25 au 26, pampu ikizungusha muda wote. Chumvi ya Uvinza ni ya mboga. Haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Badilisha nusu ya maji kila wiki. Umeme ukikatika usiku kucha, pima amonia asubuhi kabla ya kusogeza chochote. Amonia na naitraiti (inayotokana na amonia ikiliwa na bakteria) zikikaa sifuri wiki nzima, badilisha maji yote, subiri siku tatu, pima fosfeti. Ikiwa juu ya miligramu 0.1 kwa lita, rudia. Wiki nne hadi nane ni kawaida.

Aliyekwisha nunua na shaba imeonekana: mawe hayo yabaki tangi la samaki watupu. Yatie alama, na maji yake, chujio na nyavu visiingie tangi jingine.