Tathmini: darasa la jioni la kusoma, Chumbageni, Tanga

Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikimpeleka mwanangu wa miaka 10, mwenye usonji (hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano na mahusiano na watu) pamoja na disleksia (ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika), katika darasa la jioni linaloendeshwa na mwalimu mstaafu kwenye ua wa nyumba yake Chumbageni. Vipindi ni viwili kwa wiki, kila kimoja cha saa nzima kwa shilingi 6,000, na watoto hawazidi watatu.

Mwalimu huyu hachanganyi mambo. Wengi tuliowapitia kabla yake waliamini kwamba mtoto hasomi kwa sababu ya usonji, ilhali wapo wenye usonji wanaosoma vizuri mno, na wapo wenye disleksia wasio na usonji. Kwa upande wa usonji ametundika ratiba ya picha ukutani: kunawa mikono, kadi, mchanga, maji ya kunywa, nyumbani. Kila hatua inapokwisha mtoto hubandua picha yake, hivyo hujua kinachofuata na hababaiki. Hata maamkizi ameyafikiria, kwani huku kwetu mtoto asiyetoa shikamoo huhesabiwa hana adabu, yeye na aliyemlea. Mwalimu huridhika na mkono ulioinuliwa, wala hamlazimishi kumtazama usoni. Bibi wa mtoto nyumbani bado hajaliafiki hilo.

Hata hivyo, kusoma ndiko kulikonifanya niandike. Mwanangu alikuwa akisoma "baba" kuwa "dada", na neno refu aliweza kulianza sawasawa kisha akabuni mwisho wake, "anapiga" ikawa "anapika". Kiswahili kina heri yake, maana karibu kila herufi ina sauti isiyobadilika, na ndiyo sababu disleksia katika lugha ya namna hii hujitokeza zaidi kwa kusoma polepole mno kuliko kwa kukosea. Lakini maneno yetu ni marefu, na mtoto huishiwa pumzi kabla hajafika mwisho. Mwalimu humchoresha herufi b kwa kidole katika sinia la mchanga wa ufukwe wa Raskazone huku akiitamka kwa sauti, mbinu yenye asili katika kazi ya daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham huko Marekani miaka ya 1930, kisha huchukua mkasi na kulikata neno lililoandikwa kwenye karatasi: ha-wa-ku-tu-e-le-we-sha. Mtoto hulipanga upya vipande kwa vipande. Leo anasoma aya ya mistari mitano, taratibu, bila kubuni.

Kasoro zipo. Niliuziwa karatasi za plastiki za rangi kwa shilingi 8,000 ili ziwekwe juu ya kitabu, nami sioni zilichosaidia, kwa kuwa ugumu wa msingi wa disleksia uko katika kuoanisha herufi na sauti, hauko machoni. Mzazi anaweza kuzikataa bila wasiwasi. Kiingereza hakifundishwi kabisa. Kubwa kuliko yote ni paa la bati lisilo na dari: mvua ikinyesha mwanangu huziba masikio na kipindi huwa kimekwisha, ingawa malipo hayarudishwi. Nimemwomba mwalimu, kwa heshima zote, tuhamie sebuleni wakati wa masika, naye amekubali kuanzia mwezi ujao.